Mwenye Mashine ni Nani?

Shangazi yangu alichuma majanichai kwa miaka thelathini na miwili. Sisi Wakipsigis humwita senge, na heshima yake si ndogo, kwani ndiye dada wa baba. Alianza kazi hiyo akiwa msichana, kikapu mgongoni, na alipostaafu alirejea kijijini na vitu viwili: mabati ya nyumba yake na maumivu ya mgongo. Mwaka jana maumivu hayo yalifikia kiwango cha kumzuia kuinama kuchochea moto wa jikoni. Basi nikamchukua tukaenda katika hospitali moja ya umma humu katika nchi yetu ya majanichai. Jina la hospitali hiyo nitalihifadhi, maana sina ugomvi na waliomo, na niliyoyashuhudia huko yaweza kushuhudiwa kwingineko.

Daktari, kijana mpole, alimsikiliza senge kwa makini, akaugusa uti wa mgongo pingili baada ya pingili, kisha akaandika kwamba akapigwe picha ya eksrei. Tulijikokota hadi chumba cha picha. Mlango ulikuwa wazi. Mashine ilikuwapo, nyeupe, ya kisasa, imefunikwa shuka safi mithili ya mgonjwa aliyelazwa.

"Mashine iko, mwalimu, lakini leo haifanyi kazi," mhudumu aliniambia kwa adabu. "Tunamngoja mwenye mashine."

Senge alitaka kujua kilichosemwa. Nilipomfasiria, aliuliza swali ambalo limenikosesha usingizi tangu siku hiyo: "Kwani mashine si ya serikali?" Mhudumu alitabasamu, akajibu: "Nyumba ni ya serikali, mama. Mashine ina mwenyewe."

Kazi yangu ni isimu. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekuwa nikiwafundisha vijana wa chuo kikuu habari za maneno na mizizi yake, na sijawahi kukutana na mzizi uliobeba siasa nyingi kama huu wa -enye. Mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye duka: yeyote aitwaye hivyo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mpangaji hawezi kung'oa mlango; kibarua hawezi kupanga siku ya mavuno. Je, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za umma, juu ya ardhi ya umma, kwa ajili ya umma, mwenye mashine ni nani? Na kama si umma, umma ulikubali lini, kwa maneno gani, na maneno hayo yameandikwa wapi?

Wasomaji wengi watakumbuka asili ya jambo hili. Mnamo Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta alizindua mpango wa kukodi vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali 98 nchini. Kila kaunti kati ya zile 47 ilipangiwa hospitali mbili, na nne zilizosalia zikawa za kitaifa. Thamani ya mpango ilitajwa kuwa shilingi bilioni 38 kwa muda wa miaka saba. Makampuni ya kigeni yaligawana kazi: hii ilete mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, ile ilete vifaa vya vyumba vya upasuaji, nyingine vya wagonjwa mahututi. Upande wa picha, yaani eksrei, ultrasaundi na mashine za kuchunguza saratani ya matiti, ulikabidhiwa kampuni ya General Electric ya Marekani. Makampuni hayakuuza mashine. Yaliahidi kuzileta, kuzitunza na kuzitengeneza zikiharibika. Serikali nayo iliahidi kulipa kila mwaka.

Eneo letu halikuwa kimya wakati huo. Mwenyekiti wa Baraza la Magavana alikuwa Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa Bomet, naye alikuwa mstari wa mbele kuupinga mpango huo. Hoja ya magavana haikuwa kwamba watu wao hawahitaji mashine. Walikumbusha kwamba Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, iliwapa wao jukumu la huduma za afya mashinani, na wakalalamika kwamba walitakiwa kutia saini makubaliano kuhusu mikataba ambayo hawakuwa wameiona. Wapo waliomwona Ruto kuwa mkaidi tu, na kwamba alikuwa akipigana vita vyake vya kisiasa. Huenda siasa zilikuwamo, siasa hazikosekani. Lakini swali lake lilikuwa swali la mtu yeyote mwenye akili timamu aliyeombwa kununua mbuzi kwenye gunia: fungueni kwanza tumwone.

Hapo awali kila kaunti ilikatwa takriban shilingi milioni 95 kwa mwaka. Katika mwaka wa kifedha wa 2018/2019 kiwango hicho kilipanda hadi milioni 200. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hapa: zidisha milioni 200 kwa kaunti 47, utapata bilioni 9.4 kwa mwaka mmoja. Fedha hizo zilitengwa Nairobi hata kabla ya kaunti kuzigusa. Kaunti yenye madaktari na umeme wa kutosha ililipa sawa na kaunti isiyo na hata mtaalamu mmoja wa kuiwasha mashine yenyewe. Kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo wa Isiolo ililichunguza suala hili, na ripoti yake ya 2020 ilieleza namna mpango ulivyogubikwa na usiri, namna kaunti zilivyopewa vifaa vya aina moja bila kujali mahitaji yao, na namna baadhi ya mashine zilivyokaa bila kutumiwa kwa ukosefu wa wataalamu, maji au umeme.

Katika lugha yetu, neno kodi lina maana mbili. Kodi ni ushuru ambao raia huutoa kwa serikali. Kodi pia ni malipo ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba. Nikifundisha somo la maneno yenye maana zaidi ya moja, huwa natoa mfano huo na wanafunzi hucheka. Katika mpango huu maana hizo mbili zilikutana, na kicheko kikanikauka. Kodi ya raia ililipa kodi ya mashine. Raia akawa mpangaji katika hospitali yake mwenyewe, na kwa kuwa hakuionyeshwa hati ya upangaji, hakujua lini angeweza kumdai mwenye nyumba atengeneze paa linalovuja.

Watu wa Kericho na Bomet hawahitaji kufundishwa maana ya kukodisha. Milima hii ya kijani ambayo watalii huipiga picha kutoka barabarani ilichukuliwa wakati wa ukoloni, na makampuni yakapewa ardhi kwa mikataba iliyofikia miaka 999. Babu zetu hawakuisoma mikataba hiyo; haikuandikwa ili waisome. Ilipasa tungoje hadi Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ndipo muda wa asiye raia kumiliki ardhi ukawekewa mpaka wa miaka 99. Sisemi mkataba wa mashine ya eksrei ni sawa na unyang'anyi wa ardhi. Ninasema kwamba jamii iliyoumwa na nyoka ina haki ya kushtuka ionapo ung'ongo, na ung'ongo wenyewe ni ule usiri.

Hata hivyo, haki ni kuusikiliza upande wa pili, na upande huo una hoja nzito. Kabla ya 2015, hospitali nyingi za wilaya zilikuwa na mashine kuukuu za eksrei, nyingine zikiwa zimetolewa msaada na wahisani. Mashine ya msaada ikiharibika, kipuri chake kilikuwa ng'ambo na fundi wake alikuwa ng'ambo. Ikasukumwa kwenye ghala, ikafunikwa vumbi, ikawa makao ya panya. Kununua si dawa ikiwa huna uwezo wa kutunza. Anayekodi vizuri humtwika mwenye mashine mzigo wa matengenezo: ikifa, hasara ni yake. Tena teknolojia hii huchakaa haraka, na kaunti iliyonunua leo kwa mamilioni huenda ikabaki na chuma kisicho na thamani miaka kumi baadaye. Nawafahamu madaktari ambao si wapenzi wa makampuni hata kidogo, nao hukiri kwamba mpango ule uliwapa picha safi ambazo hawakuwahi kuziota, na kwamba kuna mama waliogunduliwa uvimbe wa matiti mapema kwa sababu mashine ilikuwa karibu.

Kwa hiyo siandiki kuupinga ukodishaji. Naandika kuupinga ukodishaji usioonekana. Tofauti kati ya hayo mawili ni mkataba, na neno lenyewe linatosha kutufundisha. Mkataba ni neno tulilolitwaa kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule wa kuandika. Kitu kilichoandikwa kimekusudiwa kusomwa. Mkataba uliofichwa na walipaji wake umepoteza hata haki ya kuitwa mkataba. Heri uitwe siri.

Ziko jamii za mbali na kwetu zilizojifunza somo hili kwa gharama kubwa. Nchini Lesotho, hospitali ya rufaa ya Malkia Mamohato, iliyofunguliwa mwaka 2011 mjini Maseru, iliendeshwa na muungano wa makampuni ukiongozwa na Netcare ya Afrika Kusini. Hiyo ilikuwa hospitali nzima, wala si chumba cha picha pekee. Majengo yalipendeza na huduma nyingi ziliboreka, lakini malipo yaliendelea kumeza bajeti ya afya ya nchi ile ndogo, na mwaka 2021 serikali iliuvunja mkataba kabla ya muda wake kwisha. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Turudi nyumbani. Mpango wa 2015 umepita, na serikali ya kitaifa na magavana wamekubaliana juu ya mpango mpya wa vifaa, ujulikanao kwa kifupi kama NESP. Safari hii kaunti hazikatwi mamilioni hata kabla mashine haijawashwa. Kampuni huleta mashine, nayo hulipwa kwa kila huduma itolewayo, fedha zikitoka katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024. Kwa mtazamo wa kwanza hili ni jambo la busara. Mashine iliyolala hailipwi. Aliyeileta atataka ifanye kazi.

Lakini mkulima wa majanichai ajua jambo moja kuhusu kulipwa kwa kipimo: atakayelipwa kwa kilo atatafuta kilo. Mwenye mashine akilipwa kwa picha, atatafuta picha. Mgonjwa aliyehitaji picha moja aweza kupigwa tatu, na eksrei si maji ya kunywa. Mionzi yake ina madhara ikizidi. Vilevile, mgonjwa wa kijiji cha mbali asiye na malipo ya SHA hatahesabika. Mashine itaelekea penye wagonjwa wengi wenye kulipiwa, na hospitali ndogo ya pembezoni itaendelea kungoja. Pia kuna swali la ucheleweshaji. Malalamiko ya hospitali kuhusu malipo ya kuchelewa tuliyasikia enzi za NHIF, na tumeyasikia tena chini ya SHA. SHA ikichelewa kumlipa mwenye mashine, nani atamzuia asizime mashine yake? Hapo ndipo mzizi wa -enye unapouma.

Jambo jingine ambalo halipewi uzito ni kwamba mashine si huduma. Huduma ya picha ni mnyororo. Kuna umeme, kuna mtaalamu wa kupiga picha, kuna daktari bingwa wa kuisoma, kuna ripoti inayomfikia daktari wa mgonjwa kabla mgonjwa hajakata tamaa. Pete moja ikikatika, mnyororo wote ni bure. Wamishenari wa Tenwek, huko Bomet, walilitambua hilo mapema: kando ya hospitali yao walijenga mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na maporomoko ya mto Nyangores, kwa kuwa walijua kisu cha daktari mpasuaji hakiwezi kungoja umeme urudi. Mkataba wa mashine usiotaja umeme, watu na ripoti ni sawa na kumnunulia mtu kikapu na kumwambia amepata shamba la chai.

Pete iliyo dhaifu zaidi kati ya hizo ni ya usomaji. Madaktari bingwa wa kusoma picha ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Siku hizi picha husafirishwa kwa intaneti, ikasomwa mbali, ripoti ikarudi. Ni maendeleo mazuri, wala sioni sababu ya kuyakataa. Lakini msomaji wa mbali hamjui mgonjwa. Hajui kwamba huyu alibeba kikapu miaka thelathini na miwili. Daktari wa hapa akikosa kuliandika hilo kwenye fomu, msomaji ataona mifupa ya mwanamke mzee, ataandika kwamba ni uzee, na mambo yatakomea hapo.

Na tofauti hiyo si ya maneno matupu. Wachumaji wa majanichai wa Kericho walifikisha madai yao ya maumivu ya mgongo na viungo hadi mahakama kuu ya Uskoti, jijini Edinburgh, dhidi ya kampuni waliyoifanyia kazi. Sitaki kuamua kesi hiyo katika safu hii. Mahakama zina wenyewe. Lakini humu nchini pia iko sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka 2007, na mfanyakazi atakaye kuitumia lazima aje na ushahidi wa daktari. Kwa mtu aliyeumia mgongo, picha ni sehemu kubwa ya ushahidi huo. Mashine ikilala kwa kumngoja mwenyewe, haki nayo hulala. Na picha ikihifadhiwa katika kompyuta ya kampuni iliyoipiga, ni lazima tuulize: mwenye picha ni nani? Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inamlinda mtu dhidi ya matumizi holela ya habari zake, lakini sheria hailindi asiyejua kwamba inamhusu.

Inafaa tukumbuke chimbuko la teknolojia hii. Mnamo Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwanasayansi Wilhelm Röntgen aligundua miale iliyoweza kupenya nyama na kuonyesha mifupa. Kwa kuwa hakuelewa asili yake, aliiita X, kama mwanafunzi wa hesabu anavyokiita kitu asichokijua. Röntgen alikataa kuuwekea uvumbuzi wake hataza ya kumpa yeye peke yake faida. Alitaka binadamu wote wautumie. Leo asili ya miale hiyo inajulikana vyema. Kilichobaki kuwa X ni mkataba wa mashine inayoitoa. Mashine yaona ndani ya mfupa wa senge, lakini senge haruhusiwi kuona ndani ya mkataba.

Nini basi kifanyike? Nina mapendekezo machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila mkataba wa mashine katika hospitali ya umma uchapishwe, na muhtasari wake ubandikwe ukutani pale pale mashine ilipo. Katiba, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa mwaka 2016. Muhtasari huo uwe kwa Kiswahili, ambacho kifungu cha 7 kinakitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katika eneo letu, uwe vilevile kwa Kikipsigis. Bei ya kila picha na sehemu inayolipwa na SHA iandikwe kwa tarakimu kubwa.

Pili, mkataba utaje siku ambazo mashine yaweza kulala kabla mwenyewe hajatozwa faini, na faini hiyo iingie katika hospitali iliyoathirika, wala si katika mfuko wa mbali. Kila hospitali iwe na daftari la wazi: siku ngapi mashine imefanya kazi, siku ngapi imelala, na kwa nini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, kampuni ipewe jukumu la kufunza vijana wa hapa, si kuwasha na kuzima tu, bali kutengeneza. Baada ya miaka saba au kumi, muda wa mkataba ukiisha, tubaki na mafundi hata kama mashine itaondoka. Na ijulikane tangu mwanzo iwapo mashine itaondoka au itabaki.

Nne, picha na ripoti yake viwe mali ya mgonjwa. Apewe nakala bila kuombaombea, na daktari amweleze kilichomo kwa lugha anayoielewa.

Yapo atakayesema kwamba mambo haya ni ya wanasheria na wahasibu, na kwamba mwalimu wa lugha anajitia pasipomhusu. Namkumbusha mkulima wetu mdogo. Akifika katika kituo cha kuuzia majanichai, huinua gunia lake mwenyewe, na macho yake hayabanduki kwenye mizani hadi karani amwandikie kilo zake. Hajasomea uhasibu. Wakulima hao wana hisa katika viwanda vinavyosimamiwa kwa niaba yao na shirika la KTDA, na kila mwaka bonasi ikitangazwa huuliza kwa sauti: gharama za usimamizi ni kiasi gani, na nani alizikubali? Hawaulizi kwa kuwa ni wakorofi. Wanauliza kwa kuwa majani ni yao. Ikiwa twaweza kuikodolea macho mizani ya majani, sembuse mizani inayopima uhai wetu?

Kwa walimu wenzangu nina ombi mahususi. Somo la ufahamu si lazima litoke daima katika kitabu cha kiada. Chukueni kifungu cha 35 na cha 43 cha Katiba kwa Kiswahili, viwekeni mbele ya kidato cha tatu, na waulizeni wanafunzi: kifungu hiki kinamdai nani, na kinampa nani? Kisha watumeni wakaandike barua rasmi, kwa mtindo mnaowafunza kila siku, kwa afisa wa afya wa kaunti, wakiomba kwa heshima kuonyeshwa mkataba wa mashine ya picha katika hospitali iliyo karibu nao. Barua za mitihani huandikiwa watu wasiokuwapo. Hii itakuwa na mpokeaji, na jibu lake, au ukimya wake, litakuwa somo la pili. Nanyi wanafunzi wa vyuo vyetu, kutoka Kabianga hadi Bomet, mnaosomea sheria, uhasibu, uuguzi au lugha, jueni kwamba kusoma mkataba ni ujuzi kama kuchuma: hupatikana kwa kuufanya.

Ama senge, hatukumngoja mwenye mashine. Tulikwenda katika kliniki ya kibinafsi, nikalipa, akapigwa picha. Bahasha ya kahawia aliyopewa ameihifadhi chini ya godoro pamoja na kitambulisho chake na karatasi za kazi. Ripoti iliyomo ni ya Kiingereza cha kidaktari, mistari minne. Nilimfasiria, naye akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama karatasi ile inasema popote kwamba alikuwa mchumaji wa chai.

Haisemi. Wiki ijayo nitamrudisha kwa yule daktari kijana, bahasha mkononi, ili aiandike habari hiyo mahali pake. Na nikiwa huko nitapita katika chumba cha picha na kuuliza tena, kwa adabu ile ile niliyojibiwa nayo, mwenye mashine ni nani.